Mukwe Haulizi Bei

Pacifique alikuwa hajawahi kuuza kitu chenye thamani kupita mbuzi, na mbuzi mwenyewe alimuuzia jirani. Ndiyo maana Jumatatu ile, alipoingia kibanda cha Pitchou pale Kasongo na kusema anataka kuuza kwenye Facebook mashine yake ya kutafutia dhahabu, mikono ilikuwa inamtetemeka kama mtu anayekwenda kuposa. Pitchou, ambaye kazi yake ni kuchaji simu za watu kwa sola na kuwafundisha mambo ya mtandao, wapende wasipende, alimtazama toka juu hadi chini.

"Detekta? Ile ulirudi nayo toka Salamabila?"

"Ile ile."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na mulini."

Mulini aliyoisema ni mashine ya kusagia mihogo ya mjane Albertine, kule karibu na soko. Albertine alikuwa anahamia Kindu kwa mwanawe, akataka kuiuza kabla ya kuondoka. Alimwambia Pacifique waziwazi kwamba atamngojea hadi Jumamosi saa sita, basi. Kuna mtu wa Nyangwe naye aliitaka, na mtu huyo pesa zake zilikuwa tayari.

Haya, tuseme yote, asije mtu akauliza kwa nini mwanaume mzima anatetemeka kwa sababu ya chuma. Pacifique alichimba dhahabu Salamabila miaka sita. Mwaka wa sita udongo ulimwangukia shimoni, ukamfunika hadi kifuani, akakaa humo toka asubuhi hadi jua likapinda, anasikia wenzake juu wanachimba na kuitana majina. Alitolewa mzima, hata kidole hakuvunjika. Lakini mpaka leo hawezi kulala mlango ukifungwa. Mke wake Olga alimpokea, akamwosha udongo kwa mikono yake, halafu akamwambia, "Ukirudi kule, mimi sikungojei tena. Nimeshakulilia mara moja, imetosha." Pacifique akaapa kwamba harudi. Sasa mwaka mzima alikuwa analima mihogo, nayo mihogo ilikuwa bado michanga, na mkono mtupu haulambwi. Mali yake yote hapa duniani ilikuwa ile detekta aliyoinunua kwa jasho la mwaka wa tano. Akiiuza vizuri, anapata mulini na anabaki nyumbani. Asipoiuza, njia ya kulisha watoto watatu aliijua moja tu, nayo inaingia chini ya ardhi.

Pitchou alipiga picha tatu. Pacifique akataka waandike kwamba yeye ni mtoto wa fulani, amezaliwa Wamaza, amezaa na Olga wa ukoo fulani, kama mtu anavyojitambulisha akifika kwa wenyewe. Pitchou akacheka mpaka akakohoa.

"Yaya," alisema, maana huko kaka mkubwa ndiye yaya, "hapa si msibani. Bei, namba ya simu, jina. Basi." Aliandika, akabonyeza, picha zikaenda katika kundi la watu wanaouziana vitu Maniema yote. Kisha akainua kidole. "Sasa sikiliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu wa mule ndani wataona mara moja kwamba wewe ni mupya. Nakupa sheria mbili. Ya kwanza, atakayejiita ndugu yako, huyo ndiye mwizi. Ya pili, usitoe kitu mpaka mimi mwenyewe nione pesa imeingia."

Pacifique akaitikia. Sheria mbili tu, nani angezisahau?

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Olga alikuwa amekwenda Nyangwe kununua samaki wa kukaushwa wa kuja kuuza, atarudi Ijumaa, na simu ya nyumba ilikuwa hiyo moja aliyoishika Pacifique. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Basi Jumanne alishinda peke yake na ile simu. Alikwenda nayo shambani, akailaza juu ya jani la mgomba ili aione ikiwaka. Alikwenda nayo chooni. Alikula huku ameiweka karibu na sahani, na kila ilipolia aliangusha tonge. Mtu mmoja aliuliza kama mashine inaweza kuona almasi pia. Mwingine alitaka kubadilishana na nguruwe wawili. Mwingine, Mungu amsamehe, alipiga ili kusalimu tu, akauliza hali ya mvua huko Kasongo, akamaliza salamu na hakutaka kitu. Jioni ilipofika Pacifique alikuwa amechoka kuliko aliyelima heka nzima.

Jumatano asubuhi simu ikalia tena, namba ngeni.

"Allo. Ni Pacifique?"

"Ni mimi. Nani mwenzangu?"

"Niko Papa Faradji. Wa Salamabila. Ile detekta iko bado?"

Pacifique alikuwa amesimama katikati ya njia. Kabla hajafikiri lolote, magoti yalikunjika yenyewe akachutama, jembe likaanguka pembeni, kwa sababu Papa Faradji alikuwa mukwe wake. Ndiye mdogo wa baba yake Olga, ndiye aliyemlea Olga baada ya baba kufa, ndiye aliyepokea mahari. Na katika ukoo ule mtu na mukwe wake hawazoeani. Miaka yote sita kule Salamabila, Pacifique akimwona Papa Faradji anakuja njiani, alikuwa anatoka kando akaingia majanini mpaka mzee apite. Katika ndoa ya miaka tisa maneno waliyosemeshana ana kwa ana hayafiki ishirini, na mengi yalikuwa "aksanti". Mukwe akitaka kitu kwako, hata kama ni jembe la kuazima, anamtuma mtu: shangazi, jirani, mtoto. Hasemi mwenyewe. Na habari ya pesa ndiyo kabisa. Mukwe haulizi bei.

"Iko," alisema Pacifique, bado amechutama.

"Na mwisho wake ni ngapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa bei, mutoto yangu. Usiuzie mutu mwingine. Nakuja mwenyewe na pesa."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, rezo ya simu inakatakata, neno moja linafika na lingine linabaki porini. Pacifique alisimama polepole. Aliona haya, kwanza haya ya kuulizwa bei na mukwe, halafu haya ya pili, ya kuchutama barabarani kwa ajili ya sauti asiyoijua. Alikata simu, akaokota jembe, akaelekea kwa Pitchou mbio.

"Si nilikuambia?" Pitchou alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Sheria ya kwanza. Siku mbili tu, na ndugu ameshazaliwa."

"Lakini jina la mukwe wangu amelijua."

"Majina ya watu yamejaa mule ndani. Picha za harusi, picha za matanga, kila mutu anaandika baba mdogo fulani, shangazi fulani. Wanasoma, wanaandika pembeni, halafu wanakupigia. Kikulacho kiko nguoni mwako, yaya. Wewe mwenyewe jiulize, mukwe wako anaweza kukuuliza bei kwa mdomo wake?"

"Hawezi."

"Basi umejijibu."

Simu ikalia wakiwa bado wanasema, namba ile ile. Pitchou akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie, na watu wawili waliokuwa wanangojea simu zao wakasogea. Nadhani ni wale watu wawili waliomharibu. Mtu akiwa peke yake huogopa, akiwa na watazamaji huwa jogoo.

"Pacifique, simu imekatika. Nilikuwa nasema..."

"Sikiliza, bwana. Kama wewe uko mukwe wangu, mimi niko askofu. Mukwe wangu ana adabu. Wewe uko mwizi, na ni mwizi wa kijinga, hata desturi za watu unaowaibia hukuuliza."

Watu wakacheka. Kule upande wa pili ile sauti ikasema "Pacifique" mara moja, taratibu, basi. Pitchou akachukua simu akaifunga ile namba isipige tena. Pacifique alirudi nyumbani kifua mbele, akala mihogo ya kuchoma kwa hamu, na usiku ule alilala vizuri. Ndiyo mara ya mwisho wiki ile.

Alhamisi mchana alipiga mwanamke. Loo, huyo sasa alijua kusema na watu. Hakukimbilia habari ya mashine. Alisalimu, akauliza habari ya nyumba, ya mama watoto, ya mihogo, ya mvua. Akajitaja anaitwa Sarah-Grâce. Akaomba radhi kwa kumsumbua papa saa ya jua kali.

"Nimetumwa na patron wangu, Patron Abdoul, mutu wa Kabambare. Ameona ile mashine. Yeye hapendi kumsemesha mutu mwenyewe kwa mwenyewe habari za pesa, anaona si heshima, ndiyo maana amenituma mimi nimsemee."

Pacifique alihisi moyo unatua kama kuku kwenye mayai. Huyu ni mtu wa watu. Huyu amelelewa.

"Anataka kujua bei?"

"Hapana, papa. Amesema nisikuulize bei. Ile uliyoandika ameikubali."

Walipatana bila mvutano wowote. Patron Abdoul atapita Wamaza kesho Ijumaa, akitokea Kabambare. Pesa atazituma kwanza kwa simu asubuhi, zote, ndipo Pacifique ampe motari wa pikipiki mashine aipeleke Wamaza. Pesa kwanza, kitu baadaye: mwizi gani anafanya hivyo? Pitchou aliutazama ukurasa wa yule mwanamke, akaona picha ya ofisi yenye mizani na watu wengi waliompongeza. Akasema, "Hii iko sawa. Lakini sheria ya pili iko palepale."

Ijumaa Pacifique aliamka kabla ya jogoo. Alifagia uwanja, akafagia tena. Aliitoa detekta chini ya kitanda, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaitia ndani ya gunia na kulifunga kamba. Saa mbili simu ikatoa mlio wa mesaji. Maandishi yalisema amepokea dola elfu moja mia mbili kutoka kwa Abdoul, tarehe ya leo, pamoja na namba ndefu za muamala wenyewe. Alisoma mara nne. Akabeba gunia begani, akaenda mbio kwa Pitchou.

Pitchou alikuwa ameketi amekunja uso. "Mambo ya pesa yameanguka toka alfajiri. Simu zinapiga, lakini kuona salio hapana, kutoa hapana. Ngojea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka irudi. Mimi siiendeshi."

"Lakini mesaji imefika."

"Mesaji ni maneno, yaya. Keti."

Akaketi. Akasimama. Akaenda mpaka barabarani akarudi. Benchi lilimchoma kama lina miiba. Pale barabarani motari mmoja anayeitwa Hervé, kijana wa watu anayejulikana kwao hadi kwa babu, alikuwa anafunga mizigo ya safari ya Wamaza. Alikuwa ndiye pekee wa kwenda siku ile, na alishasema saa tatu na nusu anaondoka.

Saa tatu simu ikalia, namba mpya kabisa.

"Pacifique, usikate." Ilikuwa ile sauti ya kukwaruza. Nyuma yake injini ya pikipiki ilikuwa inanguruma. "Nimeomba simu ya motari. Niko njiani, nimevuka Wamaza. Usimpe mutu ile kitu, unasikia? Nikifika kwako tutasema."

Mwizi anakuja. Hakuridhika na simu, sasa anakuja mwenyewe, anajua nyumba ilipo, na nani ajuaye anakuja na watu wangapi? Nyumbani hakuna mtu. Leo Olga anarudi. Aliona kwa macho ya moyo watu wanasukuma mlango wake, Olga na kapu la samaki amesimama katikati. Ghafla ile detekta begani ikawa nzito, ikawa kama yeye mwenyewe ndiye aliyeiiba.

Hata kabla hajapumua, simu ikalia tena. Sarah-Grâce, sauti laini kama jana.

"Papa, samahani sana. Patron ameshafika Wamaza anangojea. Kama papa ana mashaka, patron anasema hana neno kabisa. Mrudishie tu pesa zake mtabaki marafiki."

Angemrudishia nini, naye pesa zenyewe bado hajazigusa? Na angemwambia nini mtu aliyemheshimu hivyo, kwamba hakumwamini? Alitazama kibanda: Pitchou alikuwa ameinama anatengeneza waya wa sola, mgongo umegeuka. Alitazama barabara: Hervé alikuwa ameshawasha. Haraka haraka haina baraka, hilo Pacifique alilijua toka utotoni, na siku ile alilisahau kama vile hajapata kulisikia. Aliuvuka mtaro, akampa Hervé gunia na jina la mtu wa kupokea, akamsimamia hadi lilipofungwa vizuri. Pikipiki ikaenda. Akabaki amesimama, bega jepesi, akijiambia kwamba mwizi sasa atakuta nyumba haina kitu.

Alipomwambia Pitchou, Pitchou hakumgombeza. Alimtazama tu, akarudi kwenye waya wake. Pacifique angependa kugombezwa.

Olga alifika saa nane, kapu kichwani, ananukia moshi wa samaki. Pacifique alimsimulia mambo yote kwa pumzi moja isipokuwa yule mwizi wa Salamabila, maana hakutaka kumtia hofu. Olga alitua kapu, akaketi chini pale pale uwanjani, akacheka kwa sauti, akajipiga mapajani.

"Kumbe nimeolewa na mfanyabiashara. Na pesa umeziona?"

"Ziko kwa simu. Mambo ya pesa yakirudi tunazitoa, kesho asubuhi kwa Albertine."

"Mimi nitakaa mulini, wewe utabeba magunia." Alisema kama mzaha, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. "Pacifique, ulikuwa hujui, mimi nilikuwa sili vizuri. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nakuona chini ya udongo. Sasa nitakula."

Saa tisa na nusu mtoto wa jirani akaja kusema Pitchou anamwita. Pacifique alikwenda mbio, na alipouona uso wa Pitchou akapunguza mwendo. Mambo ya pesa yalikuwa yamerudi. Waliangalia salio. Hakukuwa na kitu. Wakaangalia tena, Pitchou akaifungua ile mesaji, akaweka kucha chini ya namba iliyoituma.

"Hii haikutoka kwa kampuni. Imetoka kwa simu ya mutu. Ameketi mahali, ameiandika kwa vidole vyake."

Walimpigia Sarah-Grâce, simu imezimwa. Wakampigia Hervé, hapatikani. Wakapiga tena na tena, na watu wawili watatu wakasimama pembeni, safari hii hakuna aliyecheka. "Hervé anaweza kuwa bado hajafika," alisema Pitchou. "Nenda nyumbani, uombe pikipiki umfuate, mimi naendelea kumpigia."

Pacifique alikimbia. Alipoingia uwanjani alikuta pikipiki imesimama, nyekundu kwa vumbi, dereva wake anaosha uso kwa ndoo. Juu ya kiti cha pekee cha nyumba aliketi mzee, naye ni mwekundu kwa vumbi hadi kope, mkoba wa ngozi juu ya magoti. Olga alikuwa amepiga magoti akimpa maji. Ni Papa Faradji, mwenyewe. Pacifique akachutama pale pale mlangoni pa uwanja.

Mzee alikunywa, akarudisha kikombe. Sauti ilikuwa ile ile ya kukwaruza, koo la mtu aliyekula vumbi la mashimo miaka thelathini.

"Nimefika. Leo niko mukwe, ao niko mwizi bado?"

Olga akamtazama mume wake. "Mwizi gani?"

Ikabidi aseme. Alisema akiangalia udongo: simu ya Jumatano, yale maneno ya askofu, Sarah-Grâce, mesaji, gunia. Hakuna kitu kigumu duniani kama kusema ujinga wako mbele ya mukwe wako na mkeo kwa wakati mmoja. Olga hakulia. Aliinuka, akashika nguzo ya baraza, akabaki hapo.

"Tumepishana na pikipiki moja," alisema Papa Faradji. "Ilikuwa imefunga gunia, kitu kirefu. Nilimwambia dereva huyu, ile iko kama detekta. Nikafikiri ni ya mutu mwingine."

Simu ya Pacifique ikalia. Ni Hervé, kutoka Wamaza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi: kitu kimefika salama, mwanaume mmoja mwenye kofia amekipokea, alilijua jina la Pacifique, ameshaondoka zake na pikipiki nyingine. Pacifique alisema aksanti. Angemwambia nini kijana wa watu?

Papa Faradji alifungua mkoba, akaonyesha pesa zilizofungwa kwa nailoni, akaufunga tena. "Sisi ni watu watano wa shimo moja. Tulichanga. Wenzangu walitaka tununue kwa mufanyabiashara, nikawaambia hapana, mume wa mutoto yangu anauza yake, pesa iingie katika nyumba ya mutoto yangu. Nilijua habari ya mulini, shangazi yenu aliniambia. Nikasema nikituma mutu, mutu atachelewa, na mashine itakwenda. Nikapiga mwenyewe." Akaufuta mkoba vumbi. "Unafikiri mimi sikuona haya? Niliona. Nikasema, mambo ya heshima tutayatengeneza nyuma."

"Papa, nisamehe. Nitatoa mbuzi ya faini."

"Mbuzi utaitoa wapi?"

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo ilipouma. Faini ya kumtukana mukwe ni mbuzi na kitambaa, na mukwe anayekuachia faini amekuona huna kitu. Pacifique aliona bora angepigwa kofi.

Ile pesa haikuwa ya Papa Faradji peke yake, hata Olga alilijua hilo, hakuomba. Alimpikia baba yake mdogo samaki, mzee akala kidogo. Naye mzee alimkatalia Pacifique habari za kuwafuata wale wezi, maana Wamaza ina njia nne na wao wameshakula moja. Jumamosi saa sita ilifika na ikapita. Kabla jua halijapinda mtu wa Nyangwe alikuwa ameshaweka watu sita chini ya ile mulini, wanaibeba kwenda mtoni kwenye pirogi, ule mtumbwi wa mbao, na walipita mbele ya nyumba kwa sababu njia ni hiyo. Olga aliingia ndani wasimwone.

Papa Faradji alikuwa anajitayarisha kuondoka. Pacifique akamjia, akachutama mbele yake, akasema jambo ambalo toka usiku lilikuwa linamzunguka kichwani kama nzi.

"Papa, munichukue."

"Nilikuja kununua mashine. Sikuja kuchukua mutu."

"Mukwe yangu, nyumba hii haina kitu. Mihogo ni ya mwakani. Munipe kazi ya juu, ya kushika detekta."

"Detekta ipi?" aliuliza mzee. "Juu hakuna kazi. Kuna nafasi moja, iko chini."

Olga alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Pacifique hakuweza kumtazama.

"Nilikuambia sikungojei tena," alisema Olga. "Na sasa unakwenda na baba yangu, kwa hiyo nitakimbilia wapi, kwetu ni wapi? Nina hasira na wewe, Pacifique. Mutu mwenye adabu umemwita mwizi, na mwizi umempa adabu zako zote. Nina hasira na nina woga, na woga ndio mukubwa. Nenda. Nitakungojea kwa sababu sina mahali pa kuweka huu woga."

Alimfungia mihogo na samaki wawili kwenye jani, akampa bila kumgusa mkono.

Dereva alikuwa ameshawasha. Alisema mwembamba akae katikati na mzee nyuma, kwa sababu mkoba lazima uegemee chuma cha nyuma, na hiyo ilikuwa sheria ya pikipiki yake. Pacifique alisita. Mtu hamgusi mukwe wake, hata kivuli chake hakikanyagi, na hapa angekaa ameegemea kifua chake siku mbili nzima.

"Panda," alisema Papa Faradji. "Mimi nilikwisha kukuuliza bei kwa mdomo wangu. Panda tu."

Akapanda. Walipotoka mjini na kushika njia ya Wamaza Pacifique alianza kutetemeka, mabega, mikono, meno, na hakukuwa na baridi. Papa Faradji hakuuliza. Alimshika mabega kwa mikono yote miwili, akamshika hivyo kilima hadi kilima, mpaka Wamaza.